Bangboka na tiki ya bluu: Hasara ya Musk imefidiwa, ya Kisangani bado

Uwanja wa ndege wa Bangboka uko kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya jiji la Kisangani, mkoani Tshopo. Oktoba 2024 Rais Félix Tshisekedi aliuzindua baada ya kukarabatiwa, katika ziara ileile ambayo tarehe 23 aliwaambia wakazi wa jiji hilo kwamba anataka katiba ya nchi iangaliwe upya. Mwanzoni mwa Februari 2026 uwanja huo ulirudi kwenye vichwa vya habari, safari hii kwa sababu ya droni. Ulishambuliwa, na siku chache baadaye muungano wa waasi wa AFC/M23 ukatangaza kuwa ndio uliohusika.

Kisangani iko mamia ya kilomita kutoka mstari wa mbele wa vita vya Kivu. Kwa mkazi wa Makiso, Mangobo au Kabondo, habari ya namna hiyo huzaa maswali yasiyoweza kungoja taarifa ya jioni. Je, ndege ya kesho ya Kinshasa ipo? Waasi wako njiani, au ni droni tu? Mwenye watoto avuke mto kwenda Lubunga, au abaki nyumbani afunge mlango? Barabara ni mbovu, na safari ya mtoni kwenda Kinshasa huweza kula wiki kadhaa. Ndege ndiyo mlango wa haraka wa kutokea. Kwa hiyo neno lolote kuhusu Bangboka, liwe kweli au uongo, huwafanya watu wafunge mizigo, wafunge maduka au wakimbie.

Majibu ya maswali hayo siku hizi hutafutwa kwenye simu. Ni kweli kwamba Wakongo wengi wanatumia WhatsApp, Facebook na TikTok kuliko mtandao wa X, ule uliokuwa ukiitwa Twitter. Lakini X ndiko maneno mengi yanakoanzia. Patrick Muyaya, msemaji wa serikali ya Kinshasa, huandika huko. Lawrence Kanyuka, msemaji wa waasi, hutoa matangazo yake huko. Yolande Makolo, msemaji wa serikali ya Rwanda, hujibu hukohuko. Mtu mmoja hupiga picha ya skrini, huituma kwenye kundi la WhatsApp la familia au la kanisa, na baada ya dakika chache habari inasomwa kwa sauti kwenye kijiwe cha waendesha toleka, wale wa teksi za baiskeli. Ikifika hapo, tarehe imekatwa na anwani kamili ya akaunti haionekani. Kinachobaki ni jina, maneno na ile alama ndogo ya bluu.

Alama hiyo ilikuwa na maana moja hadi Novemba 2022. Leo ina maana nyingine kabisa. Kisa cha mabadiliko hayo ni kisa cha namna bilionea mmoja alivyoiendesha kampuni aliyoinunua kwa dola bilioni 44, na mara nyingi husimuliwa kwa hesabu ya fedha alizopoteza. Ukikitazama kutoka Bangboka, hesabu yake inakuwa nyingine.

Mbuzi kwenye gunia

Tarehe 25 Aprili 2022, Elon Musk alikubaliana na bodi ya Twitter kuinunua kampuni hiyo kwa dola 54.20 kwa kila hisa. Katika biashara kubwa za aina hiyo, mnunuzi hukagua vitabu vya kampuni kabla ya kutia saini. Musk aliiacha haki hiyo. Alinunua mbuzi kwenye gunia, kwa hiari yake mwenyewe.

Haukupita muda akajuta. Tarehe 8 Julai alitangaza kwamba anajitoa, akidai kampuni ilimficha idadi halisi ya akaunti bandia. Twitter ikamshtaki katika mahakama ya Delaware, na kesi ikapangwa kusikilizwa Oktoba. Kabla ya siku hiyo kufika, Musk alirudi mezani kwa bei ileile. Tarehe 27 Oktoba 2022 kampuni ikawa yake.

Fedha zilitoka mahali pa aina tatu. Nyingi zilikuwa zake, baada ya kuuza hisa za kampuni yake ya magari ya Tesla. Nyingine zilitoka kwa washirika, akiwemo Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia na mfuko wa uwekezaji wa Qatar. Na takriban dola bilioni 13 zilikuwa mkopo wa benki. Mkopo huo ndio wa kuangalia kwa makini, kwa sababu haukuandikwa kwa jina la Musk. Uliandikwa kwa jina la Twitter. Kampuni iliyopata hasara ya dola milioni 221 mwaka 2021 ikabebeshwa deni ambalo riba yake pekee ilikadiriwa kuzidi dola bilioni 1 kila mwaka.

Musk aliiambia BBC Aprili 2023 kwamba kampuni ilikuwa karibu kufilisika, na kwamba ndiyo sababu alipunguza watu kwa kasi. Ni kweli kampuni ilihitaji fedha haraka. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huo iliwekwa na ununuzi wenyewe.

Kufukuza kwanza, kuuliza baadaye

Siku aliyoichukua kampuni, Musk alimwondoa mkurugenzi mkuu, Parag Agrawal, pamoja na mkuu wa fedha na mkuu wa sheria. Tarehe 4 Novemba, wiki moja baadaye, karibu nusu ya wafanyakazi 7,500 walipoteza kazi kwa barua pepe. Wengine waligundua walipojaribu kufungua kompyuta zao za kazi zikakataa. Siku chache baadaye kampuni ikaanza kuwapigia baadhi yao simu warudi, kwa kuwa ilibainika kwamba wao ndio walioijua mitambo fulani.

Katikati ya Novemba, waliobaki walitumiwa ujumbe wa kuchagua: wakubali kufanya kazi ngumu kwa saa nyingi, au waondoke na mishahara ya miezi mitatu. Mamia walichagua kuondoka. Katika mahojiano hayo na BBC, Musk alisema kampuni iliyokuwa na watu karibu 8,000 imebaki na takriban 1,500. Katika kila wafanyakazi watano, wanne walikuwa wameondoka.

Mtandao haukuzimika. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu wengi walitabiri ungezimika ndani ya siku chache. Wafuasi wa Musk hulitumia jambo hilo kama ushahidi kwamba kampuni ilijaa watu wasio na kazi. Lakini mtandao wa kijamii una kazi mbili. Ya kwanza ni kuufanya ukurasa ufunguke. Ya pili ni kujua nani anasema nini, na kuzuia uongo unaoweza kuua. Kazi ya kwanza ilinusurika. Ya pili ndiyo iliyokatwa, na kukatwa kwake hakuonekani kwenye skrini mpaka siku ya hatari.

Tarehe 12 Desemba 2022 kampuni ililivunja baraza lake la ushauri kuhusu usalama, lililokuwa na mashirika ya kiraia kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mwanzoni mwa 2023 ilitangaza kufunga njia ya bure ambayo watafiti waliitumia kufuatilia jinsi uvumi unavyosambaa. Mtafiti aliyetaka kujua uongo kuhusu Ituri au Kivu umeanzia akaunti gani sasa alitakiwa kulipa, tena fedha nyingi.

Waliofungiwa mlango Accra

Afrika ilikuwa na ofisi moja tu ya Twitter. Aprili 2021 kampuni ilitangaza kwamba makao yake barani yatakuwa Accra, Ghana, na serikali ya huko ikafurahi. Kwa muda mrefu wafanyakazi walifanya kazi kutoka majumbani mwao. Mwanzoni mwa Novemba 2022 hatimaye walihamia kwenye ofisi yao mpya. Siku chache baadaye, ndani ya wiki ileile, karibu wote wakafukuzwa.

Haikuwa timu kubwa. Walikuwa kama ishirini hivi. Lakini walikuwa watu waliojua bara hili, na waliokuwa wameanza kuwasikiliza watumiaji wake wakiwa huku. Wenzao wa Marekani na Ulaya walielezwa kuhusu fedha za kuachishwa kazi. Wa Accra waliachwa kwanza bila maelezo ya kueleweka, wakatafuta wanasheria, na ilipita zaidi ya mwaka kabla ya kulipwa.

Waswahili wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Musk alikuwa na daftari, lakini lilikuwa na safu moja tu, ya mishahara. Thamani ya mtu anayeelewa tofauti ya Kiswahili cha Kisangani na cha Dar es Salaam, au anayejua kwamba neno fulani la kawaida ni tusi la kikabila katika mkoa fulani, haina safu katika daftari la namna hiyo. Akifukuzwa, mahesabu yanaonyesha faida.

Alama iliyouzwa

Tiki ya bluu ilianza mwaka 2009, baada ya watu mashuhuri kulalamika kwamba kuna watu wanaandika kwa majina yao. Wafanyakazi wa kampuni walikagua kwamba mtu ni yule anayesema ndiye, kisha wakampa alama bila malipo. Utaratibu huo haukuwa mkamilifu. Waandishi wengi wa Afrika waliomba mara nyingi wakakataliwa bila kuelezwa sababu, huku wenzao wa New York wakipewa. Lakini maana ya alama ilikuwa moja: kuna mtu amekagua.

Tarehe 9 Novemba 2022 Musk alianza kuiuza kwa dola 8 kwa mwezi. Mwenye kadi ya benki na simu aliipata papo hapo. Siku iliyofuata akaunti bandia yenye jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, na yenye tiki, ilitangaza kwamba insulini sasa ni ya bure. Kampuni halisi ililazimika kuomba radhi kwa waliopotoshwa. Mauzo ya tiki yalisimamishwa, yakarudi tena tarehe 12 Desemba. Tarehe 20 Aprili 2023 waliokuwa na tiki ya zamani waliondolewa, isipokuwa wachache. Siku hizohizo yakaondolewa pia maandishi yaliyomweleza msomaji kwamba akaunti fulani ni ya chombo cha habari cha serikali.

Mashirika yaliwekewa tiki ya rangi ya dhahabu. Bei yake ilipoanza ilikuwa dola 1,000 kwa mwezi. Redio ndogo ya Kisangani inayotangaza kwa Kiswahili na Kilingala ingelipa fedha hizo kutoka mfuko upi? Lakini mtu mwenye nia mbaya, anayetaka kuonekana kama shirika la habari, angeweza kuchukua jina lolote na kununua ile ya bluu ya dola 8.

Kibaya zaidi, kulipa kulileta sauti. Mfumo wa X huyainua majibu ya wanaolipa yakae juu ya majibu ya wasiolipa. Kuanzia Julai 2023 kampuni ilianza pia kugawana mapato ya matangazo na wanaolipa, kwa kadiri maandishi yao yanavyotazamwa. Hapo ndipo kilipozaliwa kile ambacho wakaguzi wa habari wa Kongo wamekuwa wakipambana nacho. Video ya zamani ya mlipuko katika nchi nyingine, ikipachikwa jina la Goma au Kisangani, hutazamwa na watu wengi kuliko taarifa kavu ya kweli. Anayeiweka hahitaji kuwa na upande katika vita. Anahitaji watazamaji tu, na huenda hajawahi kulisikia jina la Tshopo kabla ya siku hiyo.

Musk anasema tiba ipo: maelezo yanayoongezwa na watumiaji wenyewe chini ya chapisho la uongo. Wazo hilo lina mantiki, na lilianza kabla yake, mwaka 2021. Lakini maelezo hayo huonekana tu iwapo watu ambao kwa kawaida hawakubaliani wamekubaliana kwamba ni ya kweli. Katika ubishi wa bei ya gari la umeme hilo linawezekana. Katika vita ambavyo Kinshasa na Kigali haziafikiani hata kuhusu nani yuko upande gani wa mpaka, kusubiri makubaliano ni kusubiri mvua ya Sahara. Droni haingoji makubaliano hayo.

Wengine sasa huiuliza Grok, programu ya akili mnemba ya Musk iliyowekwa ndani ya X, kama picha ni ya kweli. Agosti 2025 Grok iliwaambia watumiaji kwamba picha ya mtoto mwenye njaa iliyopigwa Gaza na mpigapicha wa shirika la AFP ilikuwa ya Yemen, tena ya miaka kadhaa nyuma. Kama ilikosea kuhusu picha ambayo chanzo chake kilijulikana dunia nzima, tahadhari inahitajika zaidi kwa picha ya giza iliyopigwa kwa simu kando ya barabara ya Bangboka.

Kutoka Goma hadi Dar es Salaam

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23. Siku hizo picha na video zilimiminika, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika. Mwanzoni mwa Februari NetBlocks, shirika linalofuatilia hali ya intaneti duniani, liliripoti kwamba X imezuiwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na TikTok pia ikabanwa. Waliojua kutumia VPN waliendelea kuingia. Wasiojua walibaki na yale yaliyokwisha kuingia kwenye WhatsApp.

Miezi mitatu baadaye ilikuwa zamu ya Tanzania. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa, ikaweka picha chafu na habari ya uongo kwamba Rais Samia Suluhu Hassan amefariki dunia. Polisi walikanusha. Siku hiyohiyo X ikaacha kufunguka nchini humo. Baadaye serikali ilieleza kwamba mtandao huo unaruhusu picha za ngono, na kwamba hilo halikubaliki kwa sheria na maadili ya Watanzania. Ni kweli kwamba mwaka uliotangulia X ilikuwa imeandika rasmi kwamba inaziruhusu.

Matukio haya mawili yanafanana kwa jambo moja. Katika kila nchi serikali ilipata kisingizio, au sababu, ya kufunga. Mtandao wenye watu wa kutosha na ofisi ya kupigia simu humpa waziri jibu kabla hajafikia kufunga. Mtandao ambao ofisi yake ya Afrika ilifungwa siku chache baada ya kufunguliwa humwachia njia moja tu. Na anapoufunga, hafungi uongo peke yake. Hufunga pia akaunti ya mwandishi aliye Bukavu, ya daktari anayeomba damu, na ya ndugu anayeandika kwamba bado yuko hai.

Hesabu ilivyofungwa

Kibiashara, makosa ya Musk yalionekana haraka. Mwaka 2021 Twitter ilipata mapato ya takriban dola bilioni 5, karibu asilimia 90 yakitoka kwa kampuni zinazotangaza bidhaa zao. Kampuni kubwa haipendi tangazo lake likae kando ya matusi, na nyingi zikaondoka. Julai 2023 Musk mwenyewe alisema mapato ya matangazo yameshuka kwa karibu nusu. Mwezi huohuo alilifuta jina la Twitter na ndege wake wa bluu, chapa iliyojulikana hadi vijijini, akaweka herufi moja.

Novemba mwaka huo aliunga mkono chapisho lenye chuki dhidi ya Wayahudi. Apple, Disney, IBM na wengine wakasimamisha matangazo. Badala ya kuwatuliza, Musk alisimama kwenye jukwaa jijini New York akawatukana hadharani. Kufikia vuli ya 2024, mfuko wa uwekezaji wa Fidelity, uliokuwa na sehemu ndogo ya hisa, ulikuwa umeishusha thamani ya hisa hizo kwa zaidi ya robo tatu.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema amevuna alichopanda. Haikuishia hapo. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2024, Musk akawa mtu wa karibu na Ikulu ya Washington, na ukaribu huo ukabadili hesabu. Baadhi ya watangazaji walirudi. Mapema 2025 benki, zilizokuwa zimekwama na deni lake kwa miaka miwili, ziliweza kuliuza kwa wawekezaji kwa bei nzuri. Tarehe 28 Machi 2025 Musk alitangaza kwamba kampuni yake nyingine, xAI, imeinunua X kwa thamani ya dola bilioni 33, ukiondoa madeni. Muuzaji alikuwa yeye na mnunuzi alikuwa yeye. Waliowekeza naye walipewa hisa za kampuni ya akili mnemba, ambayo wakati huo kila mtu aliitamani.

Kwa mwenye mali, basi, jeraha lilifungwa. Benki zilipata fedha zao. Wana hisa walipata hisa mpya. Wafanyakazi wa Accra, baada ya mwaka wa kusumbuka, walipata chao. Katika orodha hiyo ya waliofidiwa hayumo mtumiaji wa kawaida aliyenyang'anywa njia ya kujua nani anazungumza naye.

Nani wa kumdai?

Ulaya imepata jibu lake. Tarehe 5 Desemba 2025 Kamisheni ya Umoja wa Ulaya iliitoza X faini ya euro milioni 120. Moja ya makosa yaliyotajwa ni tiki ya bluu yenyewe: kwamba kuiuza bila kukagua ni kumdanganya mtumiaji. Lingine ni kuwanyima watafiti takwimu. Ni yale mambo ambayo mkazi wa Kisangani angeyalalamikia, kama angekuwa na pa kuyapeleka.

Kisangani inajua maana ya kusubiri fidia. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya jiji hilo, kila moja likiwa mgeni katika nchi ya watu. Maelfu ya mabomu yaliangukia nyumba na mamia ya raia wakafa. Wapiganapo fahali wawili, nyasi huumia. Ilipita karibu miaka 22 kabla ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuiamuru Uganda, tarehe 9 Februari 2022, ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyoyasababisha Kongo, yakiwemo ya Kisangani. Wakati wa vita hivyo hata Radio Okapi haikuwepo, ilianza 2002. Watu walijua bomu limeanguka wapi kwa kusikia mlio wake.

Leo Kongo ina sheria ya dijitali, iliyotiwa saini Machi 2023. Ina pia jambo ambalo halizungumzwi sana: ina mazungumzo ya moja kwa moja na biashara nyingine ya mtu huyuhuyu. Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilionya kwamba intaneti ya setilaiti ya Starlink hairuhusiwi nchini, wakati jeshi likihofia kwamba waasi wangeitumia. Mwanzoni mwa Mei 2025 mamlaka hiyohiyo ilitangaza kuipa Starlink leseni. Katika mwaka mmoja, basi, serikali iliufunga mtandao wa Musk kwa mkono mmoja na kumfungulia mlango wa intaneti kwa mkono mwingine.

Leseni ni kitu chenye thamani, na anayetoa leseni huwa na nafasi ya kuuliza. Angeweza kuulizwa ni watu wangapi X inao wanaosoma Kiswahili na Kilingala. Angeweza kuombwa namba moja ya simu, ya mtu aliye macho saa nane za usiku, wa kupigiwa uwanja wa ndege unaposhambuliwa na akaunti yenye tiki inapoandika uongo. Angeweza kuombwa arudishe ukaguzi wa bure kwa vyombo vya habari, hospitali na mamlaka za viwanja vya ndege katika mikoa yenye vita. Kwa mtu aliyetoa dola bilioni 44 bila kukagua vitabu, hizi ni gharama ndogo mno.

Hadi maswali hayo yaulizwe, ulinzi unabaki kwa msomaji mwenyewe. Habari ya Bangboka ikiingia kwenye simu yako kama picha ya skrini, tafuta kwanza tarehe na anwani kamili ya akaunti. Vikiwa vimekatwa, usiipeleke mbele. Linganisha na Radio Okapi, au na Congo Check, wakaguzi wa habari wa Kongo ambao wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu 2018. Kuhusu safari, mpigie wakala aliyekukatia tiketi. Kuhusu milio, mpigie ndugu au rafiki anayeishi kando ya barabara ya kwenda uwanjani, umuulize amesikia nini kwa masikio yake. Huyo hana tiki, lakini unajua jina lake, unajua nyumba yake, na kesho mtakutana.